Vipimo vya Mlangoni

Bega langu la kulia lilifunga mwezi wa Rajabu,
bila kelele, kama duka la mtu aliyehama usiku.
Nilinyoosha mkono kuchukua chanuo juu ya kabati,
mkono ukafika kifuani, ukagoma.
Miaka ishirini na sita nasuka vichwa vya watu
hapa Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
mikono juu tangu saa mbili hadi adhana ya magharibi;
sasa nashindwa kujifunga sidiria.

Bombo, chumba cha mwisho, kijana Semkiwa
alinigeuza mkono kama anayejaribu ufunguo usio wake.
"Limeganda, mama. Halijafa."
Akanichorea karatasi: mtu wa vijiti anavuta mpira.
Mipira yenyewe ya dukani, ya kijani na ya buluu,
bei yake niliisuka kichwani nikaifumua.

Nikaenda kwa Hatibu, fundi baiskeli.
Alichagua tyubu moja kwenye lundo,
akaikata valvu, akaipasua kwa wembe,
akaipaka poda ya mtoto isininate.
"Hii imebeba mikate mpaka Raskazone na kurudi,
haitashindwa na bega lako."
Viraka vitatu. Nilivihesabu.

Kila alfajiri basi, kabla ya wateja:
tyubu kwenye komeo la dirisha,
kiwiko nimekibana ubavuni na taulo lililokunjwa,
navuta nje, mara kumi.
Kuvuta si kazi. Kazi ni kurudi:
mpira unataka kwenda mbio, wewe unaukatalia.
Kisha mpira wa tenisi ndani ya soksi,
naubana kati ya mgongo na ukuta,
naviringika mpaka upate pale penyewe,
na hapo natukana kidogo, Mungu anisamehe.
Kisha kapi na kamba ya mkonge:
wa kushoto ukishuka, wa kulia unapanda
kama ndoo isiyotaka kutoka kisimani.

Mwisho ni vidole kupanda fremu ya mlango.
Semkiwa alisema weka alama, uone unakofika.
Sikuhitaji kuweka. Zipo.
Kalamu ya risasi, mwandiko wa baba yao:
Zaina, darasa la kwanza. Zaina, la tatu.
Mbaruku, Idi. Mbaruku, baada ya surua.

Wiki ya pili nilimfikia Zaina wa darasa la tatu.
Wiki ya tano nikampita, yeye na meno yake mapya.
Wiki ya sita vidole vikasimama kwa Mbaruku,
mstari wake wa Machi,
ambao hauna mwingine juu yake.

Panauma? akauliza Semkiwa. Nikasema panauma.
Akasema kunja mpira uwe mara mbili.
Nikakunja.
Wiki ya saba, pale pale. Ya nane.
Mkono ulikuwa na nafasi, nilijua;
nikilala chali ulikwenda mbali zaidi.
Lakini mlangoni vidole vilifika kwenye ule mstari
vikakaa, kama watu msibani
wasiojua nani aanze kuaga.

Leo asubuhi Zaina alitoka uani na ndoo,
tumbo lake la miezi saba limemtangulia.
"Mama, nipishe."
Nikajibana kwenye fremu apite.
Nilipotazama juu, vidole vilikuwa kwingine,
kiganja kizima juu ya Mbaruku,
kwenye mbao tupu, isiyoandikwa kitu.

Bega liliwaka. Sikuushusha mkono.
Zaina akatua ndoo, akaanza kutafuta kalamu;
nikamwambia acha.
Nikahesabu hadi thelathini, kama karatasi inavyosema,
kisha nikashuka, polepole,
maana kurudi ndiyo kazi,
na njiani nikampitia.